UZI: Nine Inch Nails ya 1989 na ya leo, kilichobadilika ni mtu au ni vyombo?

#1 MsangamkuuFM
Wakuu, Mtwara kuchele.

Nawaongelea Nine Inch Nails, bendi ya Marekani ya industrial, yaani muziki wa kelele za mashine na vyuma. Weka Pretty Hate Machine (1989), ikiisha weka Broken (1992), halafu The Downward Spiral (1994), bila kupumzisha masikio. Ya kwanza unaweza kuipiga ukumbini watu wakacheza tu. Ya pili ni msasa kwenye bati. Ya tatu ina kelele zilizopangwa tofali kwa tofali, na katikati yake kuna kimya kinachotisha kuliko kelele zenyewe. Miaka mitano tu hiyo, na mtunzi ni yuleyule Trent Reznor, maana kwa miaka hiyo bendi ikiingia studio ilikuwa ni yeye na wasaidizi.

Hoja yangu: kiutunzi hajabadilika. Vyombo ndivyo vilivyobadilika. Mpe leo mashine za 1989, atakutolea albamu ya 1989. Nipingeni.

#2 FundiMixa
Robo tatu nakubali. Albamu ya kwanza ilisukwa kwa kompyuta ya Macintosh Plus na sampla (mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvipiga) ya E-mu Emax. Emax ya kwanza ina kumbukumbu ya nusu megabaiti. Ukirekodi kwa kiwango cha karibu 28 kHz (vipimo 28,000 vya sauti kila sekunde) unapata kama sekunde 18 za sauti, basi. Kiki (ngoma nzito ya mguu), snea (ngoma kali ya mkono), besi, mayowe, vyote vigawane hizo 18. Ukitaka kubana zaidi unashusha kiwango, na ukishusha unakata sauti za juu: kwa 28 kHz hupati chochote kinachozidi 14 kHz, kwa 20 kHz unaishia 10.

Ndiyo maana midundo ya 1989 ni mifupi na mikavu. Mkia wa snea ukiuachia ujivute, unakula nafasi ya besi. Tunachokiita mtindo, nusu yake ni uhaba wa nafasi.

#3 BintiMikindani
Kaka FundiMixa, hesabu ziko sawa ila umewaruka watu. Demo zilirekodiwa saa ambazo Right Track, studio ya Cleveland, haina wateja. Reznor alikuwa kibarua pale, mpaka kusafisha alisafisha. Baadaye nyimbo ziligawiwa maprodyuza: Flood, John Fryer, Adrian Sherwood, Keith LeBlanc. Sherwood ni Mwingereza wa dub (rege iliyovuliwa ikabaki midundo na mwangwi), na ndiye aliyekaa mezani, yaani kwenye mixa ya studio, na bendi ya Ministry kwenye albamu ya Twitch mwaka 1986. Sikiliza "Down in It" alivyoachia nafasi katikati ya midundo, kisha linganisha na nyimbo alizoshika Fryer, ambazo ni laini na zimejaa vinanda. Sampla ni ileile, mtu wa mezani ni mwingine, na matokeo mbalimbali ndani ya albamu moja.

Kwa hiyo hoja ya #1 inafia hapohapo kwenye albamu ya kwanza.

#4 SindimbaSpidi
Haijafa dada, imelazwa tu.

#5 ChunoBoy
Mnasahau kitu. Hawa ndio walioanzisha kupiga vyuma kwenye muziki, kwa hiyo hawakuwa na wa kumwiga. Walikuwa wanatafuta njia gizani, lazima kila albamu itoke tofauti.

#6 BintiMikindani
ChunoBoy, hapo umechapia. Neno lenyewe "industrial" limetokana na Industrial Records, lebo ya bendi ya Throbbing Gristle ya Uingereza, 1976. Einstürzende Neubauten walianza Berlin 1980, na Kollaps ya 1981 ni vyuma chakavu, mabati na vifaa vya ujenzi. Tarehe 3 Januari 1984 walipanda jukwaa la ICA, ukumbi wa sanaa wa London, na mashine za ujenzi, onyesho likavunjika katikati maana walianza kuichimba sakafu. Kuna Skinny Puppy wa Vancouver pia. Nine Inch Nails imeundwa 1988. Imekuta kiwanda kinafanya kazi, yenyewe ikaleta nyimbo zenye kiitikio.

#7 ChunoBoy
Nimesoma. Basi angalau kiki ya "Closer", wimbo wa The Downward Spiral, ni 808 (mashine ya ngoma ya Roland), hiyo hamuwezi kuninyang'anya.

#8 FundiMixa
Tunakunyang'anya na hiyo. Imekatwa kutoka "Nightclubbing" ya Iggy Pop, 1977, ikavurugwa mpaka ikawa kitu kingine.

Namna ya kutofautisha kwa sikio: kiki ya 808 ina mkia mrefu wa sauti safi, kama mtu anavuta "duuum". Ya "Closer" ina pumzi. Kila inapogonga inakuja na kipande cha hewa, halafu inakatwa kama kwa mkasi. Wimbo unakwenda mapigo 90 kwa dakika, kwa hiyo kutoka pigo hadi pigo ni milisekunde 667. Kiki inamaliza kazi mapema, sehemu kubwa inayobaki ni tupu. Utupu huo ndio unaoifanya ionekane nzito. Ukijaza lile pengo kwa riverbu (mwangwi wa chumba), uzito wote unapotea, na hilo ndilo kosa la kila anayejaribu kuiiga.

#9 Mitwero_Lindi
Salaam kutoka ng'ambo ya Lukuledi. Nyote mnaongelea studio. Mimi naweka jukwaa mezani.

1989 mpaka 1991 walizunguka bila kukoma, wakafika tamasha la kwanza la Lollapalooza la 1991. Albamu ya vinanda, lakini jukwaani kuna magitaa na mpiga ngoma mwenye hasira. Nyimbo zilezile zikawa nzito mara mbili. Broken ni jaribio la kuingiza ule uzito wa jukwaani kwenye tepu. "Wish" ina ngoma za mtu hai, Martin Atkins, na ndiyo iliyochukua Grammy ya upande wa metali mwaka 1993. Sampla haikuongezeka ukubwa ikazaa hasira. Ni bendi iliyozoea kupiga kwa nguvu.

#10 GandaLaKorosho
Mitwero umekaribia, ila hasira ya Broken ina jina: mkataba. Lebo ya kwanza ilikuwa TVT, ikataka albamu nyingine ya kuuza kama ile ya kwanza. Reznor akagoma. Broken ilirekodiwa kwa siri ili lebo isiidai. Baadaye lebo kubwa ya Interscope wakaingia, yeye akapewa lebo yake ndogo ya Nothing. Mtu anayerekodi kwa kujificha hawezi kutoa muziki wa kucheza.

Kisahani chake kina nyimbo 6, halafu namba 7 hadi 97 ni kimya cha sekunde moja moja, halafu 98 na 99 ni nyimbo mbili zilizofichwa. Huo ni ukorofi wa mtu aliyekuwa na ugomvi.

#11 BintiMikindani
Nyongeza kwa #10: toleo la kwanza kabisa halikuwa na vimya. Nyimbo mbili zilikuja kwenye kisahani chao kidogo cha inchi 3 ndani ya jalada. Za 98 na 99 ni matoleo yaliyofuata. Kwa hiyo "ukorofi" wa vimya huenda ni kubana gharama tu.

#12 FundiMixa
Mkataba hauzungushi kitufe cha ikwalaiza. Tuongee magitaa, maana ndiyo tofauti kubwa ya 1989 na 1994.

Magitaa mengi ya The Downward Spiral hayakupita kwenye spika ya gitaa kama wafanyavyo wapiga roki. Yaliingia kwenye kisanduku cha Zoom 9030, kisha kwenye Mac, yakavunjwavunjwa na programu ya Turbosynth. Mengine ni mpiga gitaa Adrian Belew aliyeitwa apige anavyojua, kisha yakachaguliwa vipande. Ndiyo maana gitaa linasikika kama mashine ya kukatia vyuma. Halina chumba nyuma yake.

Wanaotaka kujaribu hapa kwetu, angalieni hili. Gitaa usilichomeke moja kwa moja kwenye tundu la laini la mixa ya harusi. Tundu lile lina kama kiloomu 10 hadi 20, pikapu za gitaa zinataka megaomu 1. Ukichomeka hivyo, sauti za juu zinakufa, unapata gitaa lililofunikwa blanketi, na distosheni yoyote utakayoweka juu yake itatoa uji. Tumia DI (kisanduku cha kuunganisha gitaa na mixa), au kadi ya sauti yenye kitufe cha gitaa. Halafu punguza sauti chini ya 100 Hz KABLA ya distosheni, na ukate juu ya 7 au 8 kHz BAADA yake. Ukibadilisha mpangilio huo, besi inaivuta distosheni, kila noti inakohoa.

#13 SindimbaSpidi
Na wale ambao jeki zao zina mikwaruzo bila hata kuweka distosheni?

#14 FundiMixa
Hiyo si industrial mkuu, hiyo ni kutu. Upepo wa bahari wa Shangani unakula jeki ya 6.3 mm kwa miezi michache. Chomoa, futa kwa kitambaa chenye spiriti, ingiza na kutoa mara kumi kulegeza kutu ndani ya tundu. Usisugue kwa msasa. Utaondoa rangi ya juu ya jeki na kutu itarudi mara mbili.

#15 NachingweaBaba
Vijana, naona mmesahau masikio yenu yanadanganywa na ukubwa wa sauti. CD ya 1989 imetengenezwa kwa sauti ya chini kwa desturi ya wakati ule. Ukiiweka baada ya albamu ya miaka ya 2000 bila kugusa volyumu, lazima utasema "nyembamba". Pretty Hate Machine ilisafishwa upya ikatoka 2010. Sikiliza ile, kisha rudi hapa. Sehemu ya wembamba mnaoulalamikia itakuwa imeondoka bila Reznor kugusa sampla yoyote.

Na ushahidi mwingine: Hesitation Marks ya 2013 ilitoka kwa mastaringi (usawazishaji wa mwisho wa sauti kabla ya kutolewa) mbili, ya kawaida iliyobanwa na nyingine ya wenye masikio makini isiyobanwa sana. Muziki uleule, miksi ileile, na watu wakaapa ni albamu mbili.

Jinsi ya kulinganisha kwa haki: weka faili zote mbili kwenye programu moja, shusha ile kubwa mpaka kipimo cha wastani, siyo cha kilele, kilingane na ndogo. Mara nyingi utashusha desibeli 5 au 6. Halafu sikiliza umefumba macho, mtu mwingine akibadilisha.

#16 Mitwero_Lindi
Mzee heshima yako. Lakini kusafisha hakuongezi gitaa ambalo halikupigwa.

#17 NachingweaBaba
Sikusema linaongeza, mwanangu. Nimesema "sehemu".

#18 MsangamkuuFM
Naona maelezo yamefika matano: vyombo, watu wa mezani, jukwaa, mkataba, mastaringi. Mzigo umejaa ghalani, mnada lini?

Lakini hakuna aliyevuka 1994. Twendeni mbele.

#19 BintiMikindani
The Fragile, 1999. Visahani viwili, nyimbo 23, imerekodiwa New Orleans kwenye jengo lililokuwa la huduma za mazishi. Meza ameshika Alan Moulder. Hapa zinaingia ala za nyuzi, piano wazi, na ala alizozipiga bila kuzimudu vizuri ili zitoke na makosa yake. Prodyuza Bob Ezrin aliitwa mwishoni kupanga nyimbo zifuatane vipi, maana mwenyewe alishindwa. Iliingia namba 1 Marekani, wiki iliyofuata ikawa 16.

Wanaosema ni vyombo watuambie hapa: alikuwa na kila chombo, na muda, na fedha. Kwa nini akachagua ala asizozijua?

#20 FundiMixa
Kwa sababu ukiwa na kila kitu, kikomo unajitengenezea. Bado ni hoja ya vyombo, dada.

#21 BintiMikindani
Hiyo sasa ni kama kusema mvua ikinyesha ni mawingu na isiponyesha pia ni mawingu.

#22 SindimbaSpidi
😂😂 Fundi amekalia moto kama ngoma inayokazwa.

Nirudishe nyuma kidogo, "March of the Pigs" ya 1994. Wanaoshindwa kuihesabu: kila bari (fungu la mapigo) ni mapigo 7, 7, 7, kisha 8. Jumla 29. Usiweke projekti ya 4/4 ukategemea bahati, metronomu itagombana na wewe mpaka asubuhi. Weka bari tatu za 7/8 na moja ya 8/8. Programu yako ikikataa kubadilisha hesabu katikati, tengeneza pateni moja yenye hatua 58 za noti ya kumi na sita na uizungushe. Kosa la kawaida ni kurefusha bari ya tatu badala ya ya nne. Ukihisi unajikwaa kabla ya kurudi mwanzo, hesabu upya.

#23 GandaLaKorosho
Kuanzia 2005 nasema badiliko ni mtu mmoja: Atticus Ross, prodyuza na mtunzi. Ameingia With Teeth kwenye upangaji wa programu, albamu ambayo Dave Grohl amepiga ngoma nyimbo kadhaa. Year Zero ya 2007 ilianzia kwenye laptopu safarini. Wimbo mmoja uliachwa kwenye flashi ndani ya choo cha ukumbi Lisbon ili mashabiki wauokote wenyewe. Ghosts I–IV ya 2008 ni vipande 36 bila maneno, kazi ya wiki kumi. Baada ya hapo filamu: The Social Network 2010, Oscar. Soul 2020, Oscar tena, pamoja na Jon Batiste. Ross akatangazwa mwanachama rasmi 2016, na kwa miaka mingi ndiye pekee aliyepewa hadhi hiyo mbali na Reznor.

Na mtaona, kadiri filamu zinavyoongezeka, kelele zinapungua na sauti moja ndefu inachukua nafasi yake.

#24 Mitwero_Lindi
Bad Witch ya 2018 inakupinga. Dakika 30, nyimbo 6, ngoma zinakimbia, na saksafoni anapiga Reznor mwenyewe. Hiyo si kupungua kelele. Hapo unamsikia David Bowie, waliyezunguka naye 1995.

#25 ChunoBoy
Banjo ya "Old Town Road" ya Lil Nas X ni ya hawa hawa, hilo nina uhakika nalo!

#26 NachingweaBaba
Hatimaye. Ndiyo, ni "34 Ghosts IV", prodyuza YoungKio aliikata. Wimbo ukakaa namba 1 Marekani wiki 19 mwaka 2019. Lakini tahadhari kwa wapiga biti: leseni ya Ghosts inaruhusu kutumia bila kufanya biashara, na kazi yako uitoe kwa masharti hayohayo. Ukitaka kuuza, lazima muelewane na wenyewe. "Old Town Road" ililazimika kufanya hivyo, na ndiyo maana Reznor na Ross wameandikwa kama watunzi na maprodyuza.

#27 GandaLaKorosho
Na ile ile Ghosts ndiyo iliyoonyesha hesabu: toleo la dola 300, nakala 2,500, zote zikaisha. Zidisha mwenyewe: dola 750,000 kwa muziki ambao robo yake ilitolewa bure. Mkataba na Interscope ulikuwa umeshakwisha 2007. Narudia: fuata mkataba, utaelewa albamu.

#28 Mbanguaji
Habari zenu. Nimesoma wote. Nani amejaribu kutengeneza sauti hizi kwa mashine za hapa? Mashine ya kubangulia korosho ya mkono na mguu ina kila kitu. Visu viwili vikifunga vinatoa "ka", ganda likipasuka "tap", pedali ikirudi inalia chuma kwa chuma. Hatua:

Simu iwe kama sentimita 60 pembeni, siyo mbele ya kisu, maana mafuta ya ganda yanaruka na yanababua ngozi, kioo cha simu ndiyo usiseme. Tumia programu inayorekodi WAV 48 kHz, zima kujirekebisha kwa sauti na kuondoa kelele. Usipozima, pigo la kwanza litakuwa kubwa na yanayofuata yatabanwa, na utafikiri ni mashine. Kilele kisizidi desibeli −12. Rekodi mapigo 20, chagua 4 yasiyofanana.

Kata mwanzo wa kila sampo pale wimbi linapogusa sifuri, la sivyo utapata "tik" ya uongo. Shusha semitoni 7. Ondoa chini ya 150 Hz, pitisha kwenye distosheni, shusha hadi biti 12 na kiwango cha 22 kHz upate ule mchanga wa Emax. Chuma hakina besi, kwa hiyo chini yake weka wimbi safi la 50 Hz linalokufa kwa milisekunde 120. Zungusha sampo zote 4 kwa zamu. Ukitumia moja tu inakuwa cherehani.

#29 ChunoBoy
Imetoka kama mtu anagonga sufuria chooni. Na besi ikiingia ndiyo inazidi kupotea!

#30 Mbanguaji
Sufuria: umeacha riverbu, ondoa. Besi kupotea: mawimbi yanapingana. Geuza polariti ya ile ya 50 Hz, yaani wimbi lipinduliwe juu chini. Isiposaidia, isogeze milisekunde 2 au 3 mbele mpaka ijae.

#31 MsangamkuuFM
Mbanguaji umeniokoa. Mashine ya korosho imetoa sauti ya Emax, kwa hiyo ni vyombo. Uzi umefungwa?

#32 BintiMikindani
Mashine ni ileile, ChunoBoy kapata sufuria. Ni mtu wa mezani.

#33 Mitwero_Lindi
Na Tron: Ares ya 2025, filamu ambayo safari hii wametumia jina la Nine Inch Nails badala ya majina yao mawili, tunaiweka kundi la albamu au la filamu?

#34 GandaLaKorosho
Filamu.

#35 FundiMixa
Albamu. "As Alive as You Need Me to Be" ina kiitikio, ina vinanda vya 1989 vilivyoshiba. Sikiliza besi.

#36 ChunoBoy
Polariti imekubali, imejaa!! Sasa jeki inakwaruza. Spiriti Jumapili naipata wapi hapa mjini?

#37 SindimbaSpidi
Duka la dawa. Waambie ya jeki, wasije wakakupa na bandeji.